Kutoka Bukavu hadi Uvira kwa Land Rover ya Mzee

Mwenye kutoka Bukavu kwenda Uvira alikuwa akichagua kati ya njia mbili. Ya kwanza huvuka mto Ruzizi na kuingia Rwanda, hupita Bugarama, kisha hurudi Kongo katika mji mdogo wa Kamanyola. Njia hiyo ni laini, lakini yataka karatasi za mpakani. Ya pili haitoki katika nchi yetu: hupita Nyangezi, hufika ukingoni mwa milima, halafu huteremka genge la Ngomo, mahali ambapo ukuta wa mlima uko upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu ila hewa. Madereva wengi huiogopa, na waiogopao wana haki.

Sisi, katika mwezi wa saba wa mwaka 2018, tulishika njia ya Ngomo. Twataka kuwasimulia safari hiyo, na kwanza kuwasimulia motokari iliyotuchukua. Kwani ilikuwa imekaa karibu miaka 22 bila kutembea, na miaka 11 kati ya hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi.

GARI LILILOFICHWA

Mwenye gari alikuwa muuguzi wa zamani. Hapa tutamwita Mzee tu, kama walivyomwita jirani zake. Gari alilipata mwaka 1979, wakati zahanati aliyoitumikia ilipouza vitu vyake vikuukuu. Lilikuwa Land Rover ndefu, ya namna ile iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1961 na 1971, yenye mabenchi nyuma ambamo abiria hukaa wakitazamana. Kwa gari hilo Mzee aliwapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane, alibeba maharagwe na mabati, na kila mwaka wakati wa kiangazi aliteremka Uvira kumwamkia dada yake mkubwa, ambaye alimwita Yaya.

Mnamo Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Siku zile kila motokari iliyoweza kutembea ilichukuliwa, na mara nyingi mwenyewe hakuiona tena. Mzee hakungoja. Alitoa magurudumu yote manne akayaficha jikoni chini ya kuni, akafungua kifuniko cha distributa, akakifunga katika kitambaa, akakifukia chini ya mti wa avoka. Waliokuja kulitafuta gari walilikuta limekaa juu ya mawe kama kuku aliyeatamia. Wakalipiga teke, wakacheka, wakaenda zao.

Hivyo gari likapona; lakini likabaki pale pale. Mwaka 1998 vita vya pili vikaanza, kisha ikaja miaka ya taabu, ambapo mtu alifikiri habari za unga kabla ya kufikiri habari za magurudumu. Mvua za Bukavu zikanyesha juu yake. Kuku wakataga chini ya kiti.

Mzee alikuwa na mwana. Wakati wa kufukia kifuniko kile alikuwa mtoto wa miaka 12, na ndiye aliyeshika taa. Akakua, akajifunza ufundi kwa watu, akafungua garaji yake ndogo upande wa Panzi. Mwaka 2007 alilivuta gari la baba yake hadi garajini kwa kamba, akasema, “Baba, nipe mwaka mmoja.”

Mwaka mmoja ukazaa kumi na moja.

KUTU HULA TOKA NDANI

Mwili wa Land Rover ni wa alumini. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, nao watengenezaji wakaona afadhali watumie alumini. Kwa hiyo ukilitazama gari la miaka hamsini waweza kudhani kwamba ni zima. Lakini mwili huo hukaa juu ya shasi, na shasi ni ya chuma, mfano wa masanduku marefu yaliyo matupu ndani. Maji yakiingia humo hayatoki. Huila shasi toka ndani, na huku nje rangi ingali nzuri. Fundi alipogonga kwa nyundo, boriti ya nyuma ilitoboka kama mkate. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapo palikuwa na ukuta wa kujenga.

Tulimzuru mara nyingi katika miaka ile. Tulimkuta akikata vipande vya bamba, akiviunga kwa kuchomelea, na mara umeme ukakatika, ingawa mabwawa ya umeme ya Ruzizi hayako mbali na mji. Basi alijizoeza kuchomelea usiku wa manane, saa ambazo umeme ulirudi. Kila mwezi wa tisa kazi ilisimama kabisa, kwani fedha zilikwenda shuleni pamoja na watoto wake wanne. Mke wake hakulichukia gari, lakini siku moja alituambia, “Hilo ni mtoto wetu wa tano, na huyu wa tano hamalizi shule.”

Siku moja fundi alikuwa ameshika nyundo ya mpira, tayari kunyosha bonde kubwa lililokuwa kwenye madigadi ya kushoto mbele. Mzee akamzuia. Bonde hilo lilipatikana mwaka 1988 nyumbani kwa Yaya, gari lilipoingia uani usiku likagonga mwembe wake. Yaya alicheka sana usiku ule, naye tangu hapo kila mwaka alikuwa akiligusa bonde na kuuliza kama mwembe wake umekwisha kusamehewa.

“Acha,” Mzee alisema. “Hapo pana jina la Yaya.”

Fundi akaweka nyundo chini.

UGOMVI WA MOYO

Shasi ilikwisha mwaka 2012. Ikabaki injini, na hapo baba na mwana wakagombana.

Injini ya zamani ilitumia esansi. Ilikuwa na silinda nne na ukubwa wa lita mbili na robo. Ilikuwa imetumika sana kuliko tulivyodhani. Krankshafti yake, yaani mhimili ule unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imekwisha kusagwa upya kila kipimo kinachoruhusiwa. Haikubaki nyama ya kusaga tena. Kichwa cha silinda kilikuwa na ufa. Fundi alinunua krankshafti nyingine kwa mfanyabiashara mmoja, aliyeapa kwamba ni mpya. Walipoipima waliona kwamba ni kuukuu iliyong'arishwa. Fedha za miezi minane zikapotea. Tena, hata kama ingalipona, injini ile ilikuwa ikinywa karibu lita 20 za esansi kwa kilomita 100. Nani angaliweza kuinywesha?

Mwaka 2013 fundi alipata habari ya gari moja la aina ya Defender lililokuwa limepinduka, mwili umepondeka, lakini injini i nzima. Ilikuwa injini ya mazutu yenye turbo, ya namna iliyofungwa katika Defender kati ya 1990 na 1994: silinda nne, lita mbili na nusu, nguvu ya farasi 107, nayo hunywa karibu nusu ya ile ya zamani. Aliinunua kwa mkopo, akaileta garajini juu ya mkokoteni.

Mzee alipoiona alikasirika. “Mtu akitolewa moyo wake,” alisema, “huyo anayebaki ni nani? Umenipa gari la mtu mwingine lenye nguo zangu.”

Mwana akajibu kwa adabu, “Baba, mimi sitaki kukunyang'anya gari lako. Nataka litembee.”

Hawakuelewana. Injini mpya ilikaa juu ya meza ikafunikwa gunia, nayo ya zamani ikakaa chini, na kwa miaka miwili na zaidi hakuna aliyeigusa hii wala ile. Huko Uvira, Yaya aliendelea kuzeeka. Mwaka 2014 macho yake yalifunga kabisa. Kila mara alipozungumza na ndugu yake kwa simu alimwuliza, “Mdogo wangu, gari litakuja lini?”

UKOO MMOJA

Sisi tulikuwapo siku ambayo jambo hili lilitatuliwa. Ilikuwa Jumamosi moja mwanzoni mwa 2016. Fundi alimwomba baba yake aje kutazama jambo moja tu, kisha angefanya kama apendavyo. Aliondoa gunia. Akazilaza injini mbili kando kando, akamwonyesha matundu ambapo injini hufungwa kwenye sanduku la gia. Yalikuwa karibu sawasawa, ya zamani na ya mpya. Akaeleza kwamba haya si ya bahati tu. Injini ya mazutu ni ya ukoo mmoja na ile ya esansi, nayo ilikuzwa hatua kwa hatua. Krankshafti ya zamani ilishikwa mahali patatu. Kuanzia mwaka 1980 waliishika mahali patano ili isitetemeke. Kisha wakaiongeza ukubwa, mwishowe wakaitia turbo na kichwa kipya.

“Baba,” alisema, “huyu si mgeni. Ni mjukuu wa yule.”

Mzee hakusema kitu. Nasi tukaona yafaa kuongeza neno tulilokuwa tumelisoma. Mwaka 1947 palikuwa na mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, jina lake Maurice Wilks, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Alilitumia shambani gari la Jeep, masalio ya vita, akawa akijiuliza atanunua nini likifa. Alimchorea ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni, sura ya gari jipya juu ya mchanga wa pwani. Na walipotengeneza gari la kwanza la majaribio, walichukua shasi ya Jeep, wakatia ndani yake injini ya Rover, na usukani wakaufunga katikati. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi.

“Kumbe!” Mzee alisema. “Basi hata lile la kwanza lilizaliwa na moyo wa kuazima.”

Akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona garajini kwa muda mrefu. Lakini hakukubali siku ile. Alikwenda nyumbani, akafikiri juma zima, kisha akaja na masharti yake matatu: bonde la madigadi lisiguswe, ufunguo uwe ule ule, na injini ya zamani isiuzwe hata kwa bei gani.

Kazi ikaanza tena. Tusidhani kwamba ndugu wakiwa wa ukoo mmoja hukaa nyumba moja bila kusukumana. Mikono inayoshika injini pembeni ilibidi itengenezwe upya. Tangi lililozoea esansi lilioshwa mara tatu, likatobolewa tundu jingine, maana injini ya mazutu hurudisha tangini mafuta yasiyotumika. Rejeta ilisogezwa mbele ili kupata nafasi. Nyaya za plagi zikatupwa, kwa sababu mazutu hayawashwi kwa cheche. Hewa hugandamizwa hata ikawa moto, ndipo mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe. Nao mihimili inayokwenda magurudumuni ilibaki ile ile ya zamani, hivyo fundi alimwonya kila dereva: “Usiondoke kwa hasira. Nguvu imeongezeka, mifupa ni ya zamani.”

Ilipowaka mara ya kwanza, mwezi wa tano 2018, ilitoa moshi mweupe mwingi, na jirani wakakimbia wakidhani ni moto. Mzee alisimama kando akisikiliza. “Inapiga kelele kama kinu,” alisema. Halafu akaongeza, “Lakini inapiga.”

NGOMO

Tuliondoka Bukavu alfajiri, watu wanne: Mzee, mwana wake, na sisi wawili. Mzee alikuwa na miaka 81. Nyangezi tulinunua ndizi na karanga. Mvua ilikuwa imekatika tangu Juni, na vumbi jekundu liliingia kupitia kila mwanya. Na Land Rover ya zamani, mwenye kuifahamu atakubali, ina mianya mingi kuliko kikapu.

Kisha mlima ukafunguka. Chini kabisa tuliona uwanda wa Ruzizi, wenye rangi ya majani makavu, na mto ukipindapinda ndani yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika ni mita 770 hivi. Maji ya Ruzizi hushuka tofauti hiyo kwa haraka yake yenyewe, nasi tulikuwa twende kuishuka kwa magurudumu.

Fundi alisimamisha gari, akazunguka kutazama breki. Katika gari la namna hii kuna viwiko viwili vifupi karibu na gia: cha manjano huunganisha magurudumu ya mbele, na chekundu huingiza gia ndogo, za kwenda polepole kwa nguvu. Alikuwa akirudi kwenye kiti chake, ndipo Mzee akasema, “Hapa nashuka mimi.”

Tulitazamana. Mwana alisita kidogo. Mbele yetu lori moja lilikuwa limesimama kwenye kona, tairi lake la nyuma karibu na ukingo kuliko inavyofaa kusimulia. Lakini alimpa baba yake ufunguo.

Mzee akavuta kiwiko chekundu, akatia gia ya pili. Gari likaanza kuteremka, na hakukanyaga breki. Alituambia kwamba mwenye kushika breki tangu juu huzichosha na kuzipasha moto, na katikati ya Ngomo hukanyaga akakuta hewa. Lazima gia ndiyo ilishike gari, breki zisaidie tu. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, mikono yake myembamba ikiwa juu ya usukani, kana kwamba alikuwa ameshuka pale juzi. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi hakuzungumza. Alikuwa akisikiliza kazi yake ya miaka 11, kila bamba alilochomelea usiku, akiomboleza kimya kila mara mawe yalipogonga chini. Kwenye kona kali kuliko zote jiwe liliteleza chini ya gurudumu la nyuma, gari likasogea upande wa shimo kiasi cha shibiri moja. Mzee hakukanyaga kitu. Alingoja. Gia ikashika.

Tulipofika Kamanyola alisimama, akazima injini, akafuta uso. Mkono wake ulitetemeka sasa, kisha akasema, “Mjukuu anaijua njia.”

KWA YAYA

Kutoka hapo njia ni tambarare, nalo joto hukutana nawe kama mlango wa tanuri. Tulipita Luvungi. Tulipofika Sange tulienda polepole. Ni hapo ambapo tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama mpira. Tulinyamaza hadi tukakuta miwa ya Kiliba. Alasiri tuliona Tanganyika, na milima ikisimama juu ya mji wa Uvira kama watu wanaotazama maji.

Yaya alikaa upande wa Kalundu, karibu na bandari. Alikuwa ameketi chini ya mwembe ule ule, juu ya mkeka, uso wake kuelekea njia. Watoto walipiga kelele, “Gari! Gari!” Yeye akainua mkono wawe kimya. Alisikiliza mlio. Halafu akatikisa kichwa.

“Hili si la ndugu yangu,” alisema. “La ndugu yangu nalijua tangu likiwa barabarani. Hili ni la wageni.”

Mzee alishuka. Tulimwona jinsi neno lile lilivyompiga, kwa kuwa lilikuwa neno lake mwenyewe la mwaka 2013. Hakujibu. Alikwenda akamshika dada yake mkono, akamwinua, akamwongoza hatua chache, akauweka mkono wake juu ya madigadi ya kushoto.

Vidole vya Yaya vilitembea juu ya alumini yenye vumbi na joto. Vikafika bondeni. Vikasimama.

“Mwembe wangu,” alisema, “umekwisha kusamehewa?”

“Tangu zamani, Yaya,” Mzee akajibu.

Fundi aligeuka akafungua boneti, akajifanya anatazama mafuta.

TANGU SIKU ILE

Gari lile lilifanya kazi miaka iliyofuata: lilibeba maharagwe ya Nyangezi, saruji, maharusi wawili, na usiku mmoja mwanamke aliyejifungulia njiani mtoto wa kike. Hivyo watoto wa fundi walilipiwa shule na “mtoto wa tano” yule yule aliyekuwa akiwanyima. Yaya alifariki mwaka 2020, na Mzee akamfuata 2022. Injini ya zamani haikuuzwa. Imewekwa juu ya jiwe chini ya mti wa avoka, nayo imepakwa grisi.

Watu hutuuliza kama gari lililobadilishwa injini bado ni lile lile. Sisi twajibu kwamba inategemea ni nani aliyelibadilisha, na aliuliza nini kabla ya kubadilisha. Fundi huyu alibadilisha kilichokufa, akaacha kilichokuwa na jina. Baba alimfundisha kimoja, naye akamfundisha baba cha pili, na ilichukua miaka mingi kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki.

Katika Februari 2025 vita viliingia tena Bukavu. Simu zilipopatikana tulimpigia fundi. Alituambia kwanza kwamba wote ni wazima. Kisha akatuambia kwamba magurudumu yametolewa, na kwa kuwa injini ya mazutu haina distributa, alifungua vile vibomba vinne vya mafuta, akavifunga katika kitambaa, akavifukia.

“Nani alishika taa?” tukamwuliza.

Akataja mwana wake wa mwisho. Alikuwa na miaka 12.